Shimo la Teatao

Onotoa, 4 Machi 1963

Kaka yangu Baraniko,

Mauri, na Mungu akulinde na hayo mawe yenu ya fosfeti. Sisi wazima, ukiondoa goti la mama mkwe, ambalo siku hizi tunalisikia kuliko redio ya kasisi. Tabokai anagema minazi sita tu, maana mvua imetukataa tangu Agosti na tembo linatoka kwa matone. Mwakei ametimiza miaka minne. Kila meli ikitia nanga anauliza kama mjomba yumo, nami namwambia mjomba yumo kwenye inayofuata. Nimeshamdanganya meli tatu, na aibu ni yako.

Mwaka umetimia tangu tumzike baba. Tulisali, tukala samaki, Baba Mkubwa Kabunare akahutubia mpaka watoto wakasinzia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Shimo linakufa. Mawimbi ya Januari yalivuka ukingo wa bahari, na maji ya shimoni yameingia chumvi, nimeyaonja mwenyewe. Babai zote ishirini na saba, hayo magimbi ambayo baba aliyalea kuliko alivyotulea sisi, zimegeuka manjano. Ile kubwa ya kona ya mashariki, ya miaka kumi na mbili, imeangusha majani mawili. Mimi nafagia ukingo na kuokota makumbi, basi. Kulisha sijui, na unajua kwamba sijui. Baba akishuka shimoni, mimi nilikuwa natumwa kuni.

Baba Mkubwa amekwisha kusema mbele ya wazee wote. Paa jipya la maneaba, baraza letu la kijiji, litafunguliwa Mwaka Mpya, na kila ukoo utaleta babai moja. Shimo hili la baba yetu Teatao lisipotoa kitu cha kuwekwa mbele ya watu, litarudi kwa wanawe yeye, kwa sababu shimo ni la mwenye maneno yake. Maneno unayo wewe. Siku ya mazishi ulisimama ukatutangazia kwamba baba alikupa, tukakubali, maana baba alikuwa ameapa mbele ya nduguze kwamba binti hatapewa. Binti huolewa, na maneno yakaenda naye. Haya, mimi nimeolewa na mwanamume aliyehamia kwangu na sijaenda kokote, lakini kiapo ni kiapo.

Basi niandikie. Majani gani, yanakatwa vipi, yanawekwa siku gani, na kinachosemwa ni kipi. Nitamsomea Tabokai, yeye ataingia shimoni, na barua nitaichoma. Sitaki kuwa mwerevu, nataka shimo. Baba nitamkumbuka wapi likichukuliwa?

Jambo dogo tu. Jana nimekuta babai nne zimevishwa vikapu vipya, vile visivyo na kitako, vimejazwa majani yaliyokatwakatwa na udongo mweusi. Kama umemtuma mtu, ungeniambia. Nimetafuta wa kumshukuru nimemkosa.

Dadako,
Taurenga


Nauru, 28 Mei 1963

Dada yangu Taurenga,

Salamu nyingi kutoka kwenye vumbi. Barua yako ilinifikia imelowa pembeni lakini maneno yote yalisomeka, hata yale ya kunichoma. Msalimie shemeji, na mwambie mama mkwe wako mafuta ya papa hayajawahi kumdhuru mtu goti. Mimi nimepewa kuendesha kile kigari-moshi kinachovuta fosfeti kwenda gatini. Vijana wa kutoka Beru wanasema napiga honi kuliko ninavyoendesha. Wivu tu.

Nimemnunulia Mwakei kitambaa chekundu. Kitakuja na mtu wa kuaminika.

Kuhusu shimo, usiwe na haraka. Maji ya chumvi huja na huondoka. Mambo yale hayaandikwi, dada, na wewe unalijua hilo. Yakishawekwa kwenye karatasi yanakuwa karatasi. Nikipata likizo nitakuja mwenyewe. Baba Mkubwa asikutishe, tangu tukiwa wadogo yeye hutisha watu halafu huomba tumbaku.

Sijamtuma mtu. Nakuapia, sijamtuma mtu yeyote.

Vikapu hivyo vimesukwaje? Angalia upande wa kidole cha mwisho. Usivifungue wala usivihamishe, angalia tu, kisha niambie.

Kakako,
Baraniko


Onotoa, 15 Julai 1963

Kaka Baraniko,

Natumaini u mzima na honi yako nzima. Kitambaa kimefika. Mwakei amekivaa siku nne mfululizo na akivuliwa anapiga kelele kama nguruwe. Mama mkwe amekataa mafuta ya papa, anasema wewe ndiye uyapake mdomoni. Mtumbwi wa Tabokai umepasuka ubao mmoja, ameushona upya. Mvua imenyesha siku mbili tu, tukajaza mapipa.

Nimeangalia uliponiambia niangalie. Laiti ningalikataa.

Kila mzunguko wa saba, ukili wa mwisho umerukwa na kubaki pengo la kuingia wembe. Ni pengo la baba. Tangu yule samaki mkunga amng'ate na kumkata kidole cha mwisho, kila alichosuka kilikuwa na pengo hilo, mkeka, kikapu, kofia, na tulikuwa tunamcheka. Sasa lipo kwenye vikapu vibichi, majani ya mkadi bado yana rangi.

Vilikuwa vinne, sasa ni kumi na sita. Manjano yanakwisha, Baraniko. Babai zinasimama, na ile ya mashariki imetoa jani jipya ambalo Mwakei anaweza kujifunika lote. Watu wanakuja ukingoni kutazama, na wote wanazungumza kwa sauti ya chini kama wako kanisani. Wanasema mzimu wa Teatao hautaki shimo liende kwa kaka yake. Shemasi alikuja kuomba. Alipomaliza akaniuliza kama ninaweza kumwomba huyo mzimu ashuke na kwenye shimo lake, maana na yeye ana chumvi. Tulicheka, lakini hakuna aliyekaribia maji.

Kazi hiyo inafanyika mchana, jua likiwa katikati ya utosi, kila mtu amelala. Nalijua hilo kwa sababu asubuhi hakuna kitu na alasiri kikapu kipo, udongo wake bado unachuruzika maji. Nikaamua kuvizia. Jumanne nilikaa chini ya mkadi ulio ukingoni, nikabeba kazi ya kusuka ili nisisinzie. Hapakuwa na upepo. Hata kuku walinyamaza. Nilisikia maji yakigongagonga kama mtu anayenawa miguu, nikasema moyoni, geuka utazame, Taurenga. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshalalia upande wa pili, na kikapu cha kumi na saba kilikuwa tayari, kinachuruzika.

Kulikuwa na nyayo kwenye tope. Sikiliza vizuri. Zinatoka majini, zinapanda ukingo, zinakuja mpaka pale nilipokuwa nimekaa. Hapo zinaishia.

Sijamwambia Tabokai. Nimekwambia wewe kwanza kwa sababu wewe unayo maneno. Kama kuna la kusema kumtuliza baba, niandikie, hata liwe karatasi. Naomba. Sijawahi kukuomba kitu mara mbili.

Taurenga


Onotoa, 2 Septemba 1963

Baraniko,

Meli imekuja. Biskuti za bati zimekuja, tumbaku imekuja, makopo matatu ya nyama yamekuja. Barua haikuja. Nilikung'uta bati la biskuti nikidhani umeificha chini, watoto wakafurahi kwa kumwagikiwa. Yule kijana wa Beru aliyeleta mzigo anasema uko mzima, unakula vizuri, na kwamba ulikaa na kalamu usiku mzima ukaishia kumpa bati. Basi asante kwa bati.

Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu sina mwingine.

Wiki mbili zilizopita niliamka mchana nikakuta matope meusi chini ya kucha zangu. Nikanawa, nikajiambia ni ya jana. Kesho yake tena, na chumvi ikanikauka magotini. Nilimwambia Tabokai, nikamwomba asilale, anitazame. Mume wangu ni mtu wa mzaha, unamjua, alisema atanitazama bure, wanawake wengine hulipisha. Alasiri nilipoamka alikuwa amekaa mlangoni amenipa mgongo, na hakuwa na mzaha.

Anasema niliinuka macho yamefunguka. Nilichukua kisu, nikaenda kwenye vichaka, nikachuma majani ya aina nne, moja ikiwa ile inayowasha, ambayo mimi siigusi. Niliyakata, nikayaanika kidogo juani nikiyageuza, nikashuka shimoni. Maji yakanifika kiunoni. Nilisuka kikapu nikiwa nimesimama, kidole changu cha mwisho nimekikunja kiganjani kama hakipo. Na nilikuwa nasema. Sauti yangu, anasema, lakini usemi wa baba, hata kile kikohozi chake kabla ya neno gumu.

Nikamuuliza, nilisema nini? Akajibu, "Mke wangu, hayo hayakusemwa kwangu." Nikamsihi. Nikamtukana. Nikamnyima chakula, akaenda kula kwa mama yake. Tabokai ambaye hawezi kuficha hata zawadi, hili amelifunga mdomoni, na ananitazama nikipita kama anampisha mtu mwingine njia.

Mimi siogopi baba. Baba alikuwa mpole. Naogopa kulala, kwa sababu anayeamka simjui kama ndiye aliyelala. Nimejaribu kukaa macho mchana, nimejifunga mguu kwenye nguzo ya nyumba kwa kamba ya makumbi. Niliamka kamba imefunguliwa vizuri na kukunjwa.

Sasa nakuuliza jambo moja, na usinijibu kwa biskuti. Baba alikupa maneno, au hakukupa? Nijibu ndiyo au hapana.

Taurenga


Nauru, 30 Oktoba 1963

Dada yangu,

Sina habari za kukupa leo. Niko mzima, kigari-moshi kimeharibika, basi.

Hapana.

Nimeliandika. Nilidhani kalamu ingevunjika.

Siku ya mazishi watu walikuwa wananitazama, Baba Mkubwa akauliza mbele ya wote, "Teatao amemwachia nani?" Mimi ni mwanawe wa pekee wa kiume. Ningesema nini? Nikasema mimi. Kisha nikapanda meli ya kwanza, na wewe ukalia gatini ukidhani nakimbilia kazi. Nilikuwa nakimbia shimo. Nimeomba kuongezewa mkataba mara mbili ili nisirudi.

Nilimwendea baba miezi miwili kabla hajafa. Nikamwambia, baba, wakati umefika, nifundishe. Alinishika kichwa, akasema, "Kazi imekwisha gawiwa, mwanangu. Usinichukie." Nilimchukia. Nilidhani amempa mtoto wa Baba Mkubwa. Nililala na hasira hiyo mpaka barua yako ya Julai, ule mstari wa nyayo. Hapo nikakumbuka kitu ambacho sikukitaka.

Ulikuwa na miaka minne. Mama alikuwa ndiyo kwanza amefariki, na baba alikuwa anakubeba kila mahali. Mimi nilikuwa na kumi. Mchana mmoja nilienda kumwita ale. Ulikuwa umelala ukingoni, kwenye kivuli cha mkadi huo huo. Baba alikuwa amesimama ndani ya maji, kifua kwenye tope la ukingo, mdomo wake sikioni mwako. Alikuwa ananong'ona huku mikono inasuka. Aliponiona hakushtuka. Alisema polepole, "Nimeapa kwa ndugu zangu kwamba sitamwambia binti. Huyu hasikii, amelala. Sijavunja kitu." Akaendelea. Nilikwenda tena kesho yake, na keshokutwa, nikachungulia. Alifanya hivyo msimu mzima, mchana tu. Nilidhani ni kichaa cha msiba.

Hujajifunza lolote, dada, kiapo chake kimesimama. Ila amekutia yote ndani ukiwa hujui, na sasa yanatoka kwa mlango ule ule yalioingilia.

Kuna kitu kingine, na nitakisema kwa sababu umechoka kufichwa. Midomo yako ilikuwa inacheza. Alichonong'ona yeye, wewe ulikifuata, umefumba macho, neno kwa neno.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, tunza shimo. Siku ya Mwaka Mpya waambie nilidanganya. Ukinitaka, nitakuja.

Baraniko


Onotoa, 9 Januari 1964

Kaka yangu Baraniko,

Mauri. Goti la mama mkwe limepona, sasa anatembea nyumba kwa nyumba na tunatamani liugue tena. Mvua imekuja ya kutosha. Barua yako ilifika siku tatu kabla ya Mwaka Mpya. Nikaisoma, nikaifunga kwenye mkeka, nikaisoma tena. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu sikuwa na nafasi, kulikuwa na babai ya kung'oa.

Tuliing'oa ile ya mashariki. Watu watano, kaka. Ilipotoka maji yalivuma, na shimo lilibaki na mdomo mweusi ambao mtoto angeweza kusimama ndani yake. Waliipitisha kwenye mti wakaibeba mabegani mpaka maneaba, watu wakifuata nyuma njia nzima.

Baba Mkubwa alipewa kipande cha kwanza kama ilivyo haki yake. Alitafuna muda mrefu na meno yake yale mawili. Kisha akauliza, "Huu ni mkono wa Teatao. Nani ana maneno yake? Baraniko yuko Nauru. Nani ameingia shimoni?"

Watu wote wakanigeukia. Nikisema mimi, nimemfanya baba mvunja kiapo mbele ya nduguze. Nikisema wewe, ni uongo wa pili juu ya wa kwanza. Nikasema, "Baba Mkubwa, sijui neno hata moja. Niulize lolote, sitaweza kukujibu." Na ndio ukweli, Mungu shahidi. Aliniuliza majani, sikujua. Aliniuliza siku, sikujua. Akamgeukia Tabokai. "Wewe umeona nani akifanya kazi?"

Tabokai akasimama, akasema, "Sijaona mtu aliye macho."

Mzee akainua macho kwenye paa jipya, lililokuwa likilia kwa joto. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ana hasira, kumbe anacheka, kumbe analia. "Mdogo wangu Teatao," akasema, "tangu utotoni ukicheza naye lazima uhesabu vidole vyako." Akasema shimo libaki lilipo. Alipopita karibu yangu akanishika sikio, hili la kulia, akaliachia. Hakuniomba tumbaku.

Basi shimo ni letu. Ningeishia hapo, ungefurahi.

Siku ya pili baada ya sherehe nililala mchana bila kujifunga. Niliamka mikono mikavu. Kucha safi, miguu safi. Siku iliyofuata vilevile. Nilimuuliza Tabokai, akasema nimelala kama gogo na kukoroma. Nikaelewa kwamba baba ameondoka. Nililia, kaka, sikulia hivyo hata siku ya kaburi, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa naogopa kulala na sikujua kwamba ndiye nilikuwa naye. Nililala chini kwenye mkeka pembeni ya Mwakei, ambaye bado alikuwa usingizini, nikamkumbatia, nikashuka na mkono mpaka miguuni mwake.

Ilikuwa imelowa. Tope jeusi mpaka magotini, na kitambaa chako chekundu kimeng'ang'ania mapaja.

Tangu nimzae mimi hulala naye mchana na mdomo wangu kisogoni mwake. Namwuliza Tabokai kama nilikuwa nasema usingizini siku zile zote ndani ya nyumba, si shimoni tu. Anatazama baharini.

Mwakei ni mfupi, maji yatamfunika. Ndiyo maana sasa mimi na Tabokai tunapokezana. Mchana mmoja wetu hushika upindo wa nguo yake, na akiinuka tunamfuata, tunashuka naye, tunamshikilia kwapani ili uso wake ubaki juu. Hatumwamshi. Jana alikata majani kwa ganda la chaza. Akasuka kitu kidogo, ukubwa wa bangili, akakivisha chipukizi lililobaki pale tulipoing'oa ile kubwa. Baba alikufa mtoto akiwa hajajua hata kushika ukili.

Alisuka viwili. Cha pili nimekitia kwenye bahasha hii. Hesabu mizunguko mpaka saba, halafu angalia upande wa kidole cha mwisho.

Nimekusamehe. Rudi nyumbani, mtoto amechoka kudanganywa meli. Ila ukishuka mchana, usipige honi wala usimwite jina. Kaa chini ya mkadi, unyamaze, umsikilize. Safari hii hakuna aliyeapa.

Dadako,
Taurenga